Kabla ya Kufungua Sanduku, Nenda Ukapime Gari

Dada yangu aliporudi likizo Goma aliniletea sanduku la kadibodi lenye picha ya Land Cruiser 80: modeli ya plastiki ya kuunganisha, skeli ya 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari la kweli), kazi ya kampuni ya Tamiya ya Japani. Usiku huohuo nilikata vipande vyote kwenye fremu zake, nikavimwaga mezani, na kufikia saa sita ya usiku sikujua tena kipi ni cha mbele na kipi ni cha nyuma. Baada ya wiki mbili gari lilisimama kwa tairi zake nne. Lakini lilikuwa gari la picha ya sanduku. Mimi nilikuwa nikitaka gari la mjomba wangu, lile lililokuwa likitupeleka Rutshuru kila Noeli, na nilipokaa kulitafuta kichwani nikagundua kwamba nalikumbuka mlio wake kuliko umbo lake.

Siku hizi vijana wa mtaani kwetu Himbi hunijia na modeli zao, na karibu wote huuliza kuhusu rangi: ipi, ya kopo gani, inauzwa wapi. Nitafika huko. Ila mimi huwarudisha nyuma kidogo. Tulipokuwa watoto tulitengeneza magari ya waya na makopo ya maziwa, tairi zake tukizikata kwenye kandambili zilizochakaa. Hatukuwa na mchoro wala maelekezo. Tulikaa kando ya barabara, lori linapita, tunabishana lina taa ngapi nyuma, kisha tunakunja waya. Macho yetu yalitangulia mikono. Ukipewa sanduku lenye maelekezo mazuri ya Kijapani, ni rahisi kuuacha mwendo huo, na hapo ndipo modeli inapokosa uhai.

Basi chagua gari moja unalolijua. Si aina ya gari, gari lenyewe: la baba, la jirani, la paroko, lile linaloegeshwa mbele ya duka kila asubuhi. Mwombe mwenyewe ruhusa, nenda na futi ya fundi cherehani, daftari na penseli. Piga picha pande zote nne, juu, na chini ukiweza. Pima kila kitu ambacho sanduku halina: keria ya juu, bampa ya chuma aliyochomelea fundi, bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, ndoano, kamba, bidoni (dumu la plastiki). Tazama pia usukani uko upande gani, kwa sababu sisi huku tunaendesha kulia, lakini ukivuka Bunagana kuingia Uganda unahamia kushoto, na Japani nako ni kushoto. Modeli nyingi za Wajapani zina usukani wa kulia. Zingine hukupa dashibodi mbili uchague, zingine hazikupi. Ujue hilo kabla hujanunua.

Ukirudi nyumbani, gawa kila kipimo kwa 24. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini ndiyo iliyoniokoa. Kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma wa Land Cruiser 80 kuna milimita 2,850. Ukigawa unapata karibu 119. Tairi yenye kimo cha sentimita 79 inakuwa milimita 33. Bidoni ya manjano niliyoipima jikoni kwetu ilikuwa na sentimita 38, yaani chini kidogo ya milimita 16, sawa na upana wa kidole gumba changu. Halafu igeuze hesabu, uikariri kama sala: milimita 1 kwenye modeli ni milimita 24 kwenye gari la kweli.

Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi kubwa. Kila kijana anataka kulipandisha gari lake juu, lionekane la barabara mbaya. Anaongeza sentimita moja kwenye springi. Sentimita moja ni sentimita 24 za kweli. Hakuna mama atakayepanda gari hilo bila ngazi. Mafundi wetu wakimwinulia mtu gari, mara nyingi ni kama sentimita 5, na hizo kwenye modeli ni milimita 2 tu. Nilikata vipande vinne vya milimita 2 kutoka kwenye ile fremu inayobaki baada ya kutoa vipande (usiitupe kamwe), nikavibandika chini ya springi, na gari likasimama kama la mjomba. Mkwaruzo wa rangi ni vilevile. Doa ulilochora kwa ncha ya brashi, ukaliona dogo, pengine ni shimo la sentimita 5 mlangoni.

Keria niliitengeneza kwa waya wa shaba wa milimita 0.8 niliotoa kwenye mota iliyoungua. Mara 24 ni milimita 19, karibu sawa na bomba jembamba ambalo wachomeleaji wetu hutumia. Ili kuunyoosha, funga ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, vuta mpaka uhisi waya umelegea kidogo. Utanyooka kama mshale. Gundi pekee haitashika keria. Nilimwendea fundi wa simu pale Birere, akanilehemia viungo kumi na viwili kwa chuma chake chembamba, akakataa malipo kwa sababu alitaka kuiona ikikamilika. Turubai ni karatasi laini ya kufutia pua, nusu yake tu, iliyoloweshwa kwenye kola (gundi) nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji. Ikiwa bado mbichi unailaza juu ya mizigo, unaikunja kwa kijiti cha meno, kesho yake imekauka na mikunjo yake.

Kuhusu gundi sina mengi. Gundi ya modeli haibandiki, inayeyusha plastiki za pande mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kwaruza rangi yote mahali pa kuungia na tumia kidogo. Vioo usivigusishe kabisa supaglu: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Vioo vipewe kola nyeupe ya seremala, ambayo ikikauka haionekani.

Sasa rangi, kwa sababu ndiyo iliyoniumiza.

Ile modeli ya kwanza niliipaka kwa rangi ya magari. Kwenye garaji moja walikuwa wamebakiza rangi nyeupe kwenye bunduki ya kupulizia, nikaomba wanipulizie bodi yangu, nikafurahi kama mtoto. Dakika kumi baadaye paa lilikuwa limekunjamana kama ngozi ya chura. Fundi hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Rangi ya magari imechanganywa na tina kali (kiyeyushi cha rangi), na modeli ni polistireni, plastiki ambayo tina hiyo huila. Nilipiga msasa siku tatu, ila mistari ya milango ilikuwa imeshakufa. Nilisikitika sana, kwa sababu dada alikuwa amebeba sanduku lile mapajani safari nzima.

Modeli ya pili niliiendea polepole. Kwanza niliosha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikavisugua kwa mswaki wa zamani, maana kiwanda hupaka kalibu mafuta ili plastiki itoke, na mafuta hayo yakibaki rangi haishiki. Nikaviacha vikauke chini ya ndoo iliyopinduliwa, vumbi lisiingie. Nikasafisha mistari ya kalibu kwa wembe na msasa namba 400, kisha 800. Halafu praima ya plastiki, safu mbili nyembamba. Praima si ya kushikisha rangi tu. Ni kioo cha kukuonyesha makosa. Kila mkwaruzo uliojificha kwenye plastiki tupu utauona kwenye kijivu kile.

Kopo la kupuliza liweke kwanza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika tano, yasiwe ya moto, wala usiliweke kamwe karibu na jiko la makaa. Rangi iliyopata joto kidogo hutoka laini. Simama kama sentimita 25 kutoka kwenye bodi, anza kupuliza nje ya gari, pita, malizia nje ya gari. Safu ya kwanza iwe hafifu hata uone aibu. Plastiki bado inaonekana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Subiri dakika kumi na tano, pita tena. Safu nne nyembamba zinashinda moja nzito, kwa kuwa nzito hutiririka na kuziba mistari ya milango.

Chagua na siku. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na tuna ziwa mlangoni. Asubuhi hewa huwa nzito kwa unyevu, na mvua ikikaribia hata kuta zinajua. Rangi za kukauka haraka zikikutana na unyevu huo hupauka, zinakuwa kama zimepakwa maziwa. Mimi napaka mwezi wa saba, kati ya saa nne na saa nane mchana, nje, mgongo ukiuelekea upepo, kitambaa kizito puani. Kisha nafunika na siigusi siku mbili. Wanaonijia wakiwa na haraka nawaonyesha lile paa la kwanza. Bado ninalo.

Neno moja kuhusu rangi za kumetameta. Chembe za fedha ndani ya rangi ya gari la kweli ni ndogo machoni, lakini kwenye modeli chembe zilezile zinaonekana mara 24. Tafuta rangi iliyotengenezewa modeli, au baki na rangi tulivu. Hata nyeupe ya mjomba niliichanganya na tone la kijivu na tone la kahawia, kwani nyeupe kabisa kwenye kitu kidogo huonekana kama sahani.

Na vumbi. Hapa sisi watu wa Goma tuna utajiri ambao wengine wanaununua kwenye vichupa. Tunaishi juu ya mwamba wa volkano ya Nyiragongo; lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na nyumba nyingi zimejengwa juu yake. Chukua jiwe, litwange ndani ya mfuko wa kitambaa, pua na mdomo vikiwa vimefungwa, kwa sababu unga huo una chembe kali na si rafiki wa mapafu. Uchekeche kwa soksi ya nailoni, kisha uchekeche tena. Kumbuka hesabu: punje ya milimita 0.2 kwenye gari hilo ni kokoto ya karibu milimita 5. Unga wangu ulikuwa mweusi wa majivu, sawasawa na barabara zetu. Kama gari lako ni la kupanda Masisi, changanya na udongo wa kahawia uliokauka.

Kabla ya vumbi, funika rangi kwa vanishi inayong'aa, halafu yeyusha rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia nyeusi, ndani ya waiti spiriti mpaka iwe kama chai ya rangi. Tina ya garaji isiguse, itakula yote. Gusa mstari wa mlango kwa ncha ya brashi na rangi itakimbia yenyewe ndani ya mfereji. Ndipo vanishi isiyong'aa, na juu yake unga wa lava kwa brashi kavu. Usinyunyize kila mahali kama chumvi. Nilikwenda kusimama kwenye barabara ya Sake kutazama magari yakirudi: matope yanakaa nyuma ya tairi na chini ya milango, paa lina vumbi jepesi tu, na mlango wa nyuma ndio mchafu kuliko sehemu zote, maana gari likikimbia hewa inarudi kwa nyuma na kulibandika vumbi hapo. Kwenye kioo cha mbele nilikata utepe wa karatasi kwa umbo la njia ya waipa, nikaubandika, nikatia vumbi, nikaubandua. Ukabaki upinde msafi.

Miezi minne ilipita. Nikaiweka kwenye kisanduku cha kioo, nikaipeleka Majengo kwa mjomba. Aliuza gari lile zamani. Aliomba miwani, akaigeuza modeli mkononi bila kusema, mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaweka ukucha kwenye mlango wa dereva.

"Hapa vumbi haikai, mjomba. Hapa ni mkono wangu kila siku."

Akanionyesha na nyuma, pale alipokuwa akiegemeza bega kufunga mlango mzito, na ukingo wa chini ambapo mama mkubwa alikanyaga kupanda. Nilikuwa nimesimama Sake nikitazama magari, sikuwa nimewatazama watu wakishuka. Nikamwomba maji kidogo na kijiti cha pamba cha masikio. Tukaketi barazani, yeye akielekeza, mimi nikifuta: kuzunguka kitasa, milimita 4, bega, milimita 15, na pale kwa mama mkubwa, taratibu, mpaka nyeupe ikatokea.