Jibu: Chuo kufundisha wanajeshi wa Marekani, lazima zabuni?

Mkuu, umeuliza kama chuo lazima kishinde zabuni ndipo kipokee wanajeshi wa Marekani. Hapana. Chuo chenye ithibati kikisaini makubaliano na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, askari anasoma hata mtandaoni na jeshi linamlipia ada, mpaka dola 250 kwa krediti moja (kipimo cha uzito wa somo). Zabuni inakuja pale mnapotaka kufungua madarasa ndani ya kambi za ng'ambo. Huko wakongwe wamejichimbia: Chuo Kikuu cha Maryland kilianza kufundisha kambini Ujerumani mwaka 1949! Kumng'oa mtu wa hivyo kwa bei ya chini peke yake, sahau. Kama chuo chenu ni kidogo, anzeni na hayo makubaliano, zabuni baadaye.