Meneja Mpya, Vaa Shati

Jana nimemkuta meneja wetu mpya, kijana mzuri tu, shahada bado inanukia wino, kavua shati anapakia saruji pamoja na makuli. Mteja kutoka Mlandizi kasimama dirishani na hela mkononi, hana wa kumhudumia. Nilicheka, kisha nikakereka, maana mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wadogo zangu, sikieni.

1. Kupanga, kuratibu, kuongoza, kudhibiti: mliyakariri chuoni. Hapa maana yake ni kujua lori gani linaingia leo kabla halijapiga honi getini.

2. Mtu mmoja, bosi mmoja. Fayol, Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi na chuma kwa miaka 30, aliliandika hilo mwaka 1916. Mimi nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Mwezi wangu wa pili nikiwa meneja msaidizi, Aprili, masika yamekolea, mzee wetu mtunza stoo aliwaambia vijana wafunike turubai mifuko 180 ya saruji iliyoshushwa uani, kwani ndani palijaa. Nikatoka ofisini, mzee sikumuuliza, nikawaita vijana walewale: "Acheni hiyo, njooni mpakie mabati." Wakanitazama, wakamtazama mzee. Mzee akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akafungua redio. Saa kumi mvua ikashuka. Kesho yake, ukiugonga mfuko unalia kama jiwe.

Mkurugenzi akauliza kulikoni. Nikajibu, "Stoo hawakufunika." Maneno mawili, na wala si uongo! Siku ya tatu usingizi ukakataa kuja, nikaenda kusema kweli, lakini mzee alishaandikiwa barua ya onyo. Nami nikaandikiwa yangu. Yake haikufutwa.

3. Saruji ikae juu ya vichaga, mbali na ukuta, na ya zamani itoke kwanza. Stoo ihesabu mwenyewe kila Ijumaa. Namba za mdomo usipokee.

4. Ukimtaka kijana, pitia kwa msimamizi wake, hata kama kijana yuko hatua mbili kutoka ulipo. Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka mzima, nikikanyaga uani, mzee alizima redio, akasimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, meneja," akilivuta hilo la mwisho. "Niwaambie nini vijana?" Mbele yao wote.

5. Vaa shati. Mteja wa Mlandizi kaenda duka la jirani.