Karate jioni, vyuma asubuhi: mbona miguu inagoma?

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 29, kilo 74, naishi Nkuhungu, Dodoma, na kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni nipo karate. Kumite, yaani kupigana na mwenzako, tunapiga Jumatano. Ili siku zisigongane, kuchuchumaa na chuma begani nimeweka Jumanne na Alhamisi alfajiri, mikono na kifua Jumamosi, na Jumapili nakimbia kilomita 10 kutafuta pumzi. Miezi mitatu iliyopita nilichuchumaa na kilo 90 mara tano. Leo mara tatu ni kwa mbinde, na mateke yamekuwa mazito. Wa jimu wananiambia karate inakula misuli. Sensei, mwalimu wetu wa karate, anasema vyuma vinaleta uzito. Niache kipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Acha hizo kilomita 10 za Jumapili kwa sasa. Karate na vyuma baki navyo, ila ratiba yako tutaipindua.

Nianze na wa jimu, maana hawajalitoa hewani. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alichapisha jaribio la wiki 10. Kundi moja lilinyanyua vyuma, la pili lilifanya mazoezi ya pumzi, la tatu likafanya vyote. Hilo la tatu lilipanda nguvu vizuri wiki za mwanzo, likakwama, na mwishoni likaanza kushuka. Pumzi yao haikuguswa. Lakini uangalie na dozi waliyopewa: vyuma siku tano kwa wiki, pumzi siku sita, na yote kwa kukamua. Kwa mwendo huo hata punda wa Kongwa angegoma. Anayefanya vipindi vichache vilivyopangwa vizuri hupata nguvu na pumzi kwa pamoja. Kinachotangulia kuumia mwili ukichoka ni ile nguvu ya ghafla, ya kufyatua teke au kuruka, na ndiyo hiyo unayoilalamikia.

Sasa hesabu siku za miguu yako. Jumatatu jioni mateke, Jumanne alfajiri chuma. Jumatano kumite, Alhamisi alfajiri chuma tena. Ijumaa karate, Jumapili kilomita 10. Kwa wiki nzima miguu inapumzika Jumamosi peke yake. Ulitenganisha siku ukidhani unaipa nafasi, kumbe umeifutia mapumziko yote.

Kwa hiyo weka kizito na kizito siku moja. Chuchumaa Jumatatu na Ijumaa asubuhi, karate iwe jioni ileile. Ukiacha masaa sita au zaidi katikati, ukala na kunywa vya kutosha, jioni utafanya mazoezi ya maana. Hutakuwa mwepesi kama siku nyingine, lakini Jumatatu na Ijumaa hampigani, kwa hiyo si hasara kubwa. Jumatano usiguse chuma kabisa. Nasema haya kwa kuumbuka: nilipokuwa kijana niliwahi kuchuchumaa asubuhi ya siku ya kumite. Jioni nikainua teke la pembeni, mwenzangu akalipokea taratibu kama mtu anayepokea kikapu cha sokoni. Ukumbi mzima wa karate ulicheka.

Anza na kilo 70, seti (yaani mizunguko) tatu za mara tano, na kila seti uiache ukiwa bado unaweza mara mbili zaidi. Ongeza kilo mbili na nusu kwa wiki. Ijumaa punguza ziwe seti mbili. Mikono na kifua hamishia Alhamisi, na ujivute kwenye bomba zaidi ya unavyosukuma, kwa sababu ngumi nyingi za karate ni kusukuma. Jumanne na Jumapili ni za kupumzika.

Pumzi unayo darasani. Pambano la kumite la wakubwa ni dakika tatu, basi Jumatano mwishoni mwombe sensei raundi nne za dakika tatu kwenye begi la kupigia ngumi na mateke, mapumziko dakika moja. Ukitaka cha ziada, Jumamosi endesha baiskeli dakika 40 kwa mwendo ambao bado unaweza kupiga soga. Baadhi ya tafiti zilizolinganisha zimeonyesha kukimbia hukwamisha nguvu za miguu kuliko baiskeli.

Kuhusu uzito, mwambie sensei kwa adabu kwamba seti chache za mara tano huufundisha mwili kutumia misuli uliyonayo. Uzito utaupandisha zaidi kwa sahani ya chakula.

Na sahani yenyewe unaihitaji. Kwa kilo zako lenga gramu 120 hivi za protini kwa siku: mayai, maziwa, maharage, dagaa, karanga. Baada ya chuma cha asubuhi, chai na andazi si chakula. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga uliobaki jana utakufaa zaidi hadi jioni. Na kwa ukavu wa Dodoma jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo jipime kabla na baada ya karate. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji unayodaiwa.

Goti likiuma ndani ya kiungo au likivimba, simamisha yote uende hospitali.

Kitu kimoja cha kupimia: kila Jumatatu kabla ya chuma, ukishapasha mwili, paka chaki vidoleni, ruka ulivyosimama, gusa ukuta. Alama ikishuka wiki mbili mfululizo, kata seti za kuchuchumaa nusu kwa wiki moja, kisha urudi. Niandikie wiki ya sita, na hizo alama zote uniletee, hata zilizoshuka.