Soksi Imetoboka Kisigino? Usianze Kulaumu Kiatu

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Alimfumia mumewe soksi kwa uzi wa sufu ya kondoo wa merino, mlaini kama nini, uliotiwa rangi kwa mkono. Baridi haijaisha na visigino vyote viwili vimeshatoboka. Akamalizia hivi: "Hivi nyinyi mnaofuma soksi mnazivaa kweli, au mnazipigia picha tu?"

Dada yangu, tunazivaa. Hapa ninapoandika nimevaa pea ya kijivu iliyokwisha kuona baridi nyingi, imefuliwa hadi rangi imechuja, na unyayo wake haujui tundu. Nasema hivyo kwa kujivuna, naam, kwa sababu kuna mtu wa karibu niliyewahi kumfumia soksi za sikukuu yake ya kuzaliwa, na baadaye, mbele ya watu, akazishika juu na kutoa kidole kwenye tundu. "Hizi za mkono ni mapambo," akasema, "za dukani ndizo za kuvaa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno nje, moyo ndani unawaka. Ni yeye mwenyewe aliyetaka ziwe laini na zilegee zisimbane. Alipewa alichoomba. Tangu siku ile sijamfumia mtu soksi kwa kumuuliza anapenda ulaini gani.

Maana ulaini ndio unaotuponza. Sufu ya merino ina nyuzinyuzi nyembamba sana, ndiyo raha yake, na wembamba huohuo unaifanya isiusugulie mguu wala isihimili kusuguliwa. Ikiwa imetiwa dawa ili ifulike kwa mashine, vile vigamba vidogo vinavyofanya nyuzinyuzi zishikane vimeondolewa au vimefunikwa, kwa hiyo zinateleza na kuchomoka kirahisi zaidi. Kisha kiwanda kinaisokota kilegevu ili ujazo wake upendeze mkononi. Ukiigusa dukani unataka kuilalia. Sawa, ilalie, lakini usiikanyagie.

Mimi uzi naujaribu hivi: nachukua kipande kifupi, nakizungusha kinyume na msokoto wake, halafu nakivuta polepole. Kikiachia bila ubishi, hicho ni cha kofia. Uzi wa soksi uwe umesokotwa kwa nguvu, na uwe wa nyuzi tatu au nne zilizosokotwa pamoja; ule wa uzi mmoja mnene huanza kutoa manyoya mapema sana. Lebo nyingi za uzi wa soksi husema sufu 75% na nailoni 25%, na mchanganyiko huo umeenea kwa sababu unafanya kazi: nailoni huvumilia msuguano ambao sufu peke yake haiuwezi. Asiyetaka nailoni atafute uzi wenye moheri, manyoya ya mbuzi wa Angora, ambayo ni marefu na imara. Au sufu ya kondoo wenye manyoya marefu zaidi, kama Romney au Bluefaced Leicester. Huyu wa pili hata mguu mwororo hauwezi kumlalamikia.

Lakini unaweza kununua uzi bora kuliko wote na bado ukatoboa kisigino, kama unafuma kilegevu. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Lebo inakuambia sindano za milimita 2.5 hadi 3, vitanzi 28 au 30 kwa sentimita 10, na wewe unaitii. Kipimo hicho kinafaa sweta. Kwa uzi wa kawaida wa soksi, ule wa mita 400 hivi kwa gramu 100, mimi natumia sindano za milimita 2 au 2.25 na sikubali chini ya vitanzi 32. Unyayoni napenda 34, hata 36. Vidole vinauma, ndiyo. Kazi inakwenda pole, ndiyo. Katika kitambaa kilichobana, vitanzi havina nafasi ya kucheza. Kikilegea, kila hatua unayopiga vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe, halafu kiatu kinakuja kumalizia. Nyoosha soksi yako mbele ya dirisha. Ukiona mwanga unapita kila mahali, jibu unalo.

Na usifume soksi pana ukidhani unaupumzisha mguu. Soksi inayozunguka ndani ya kiatu inajisaga. Pima mzunguko wa mguu pale penye unene chini ya vidole, punguza kama asilimia 10. Mguu wa sentimita 24 unataka soksi ya 21.5 hivi, kwa vitanzi 34 hiyo ni kama vitanzi 72 kuzunguka. Anayefumia kila mguu duniani vitanzi 60 kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, ashangae nini? Urefu nao upungue kidogo tu, maana soksi fupi mno inavutwa vidoleni na kisiginoni mpaka inakonda.

Kisiginoni wengi tunajua ule ufumaji wa kuhamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, kisha kufuma kinachofuata, hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari. Uzi unapita nyuma ya vile vilivyohamishwa na kitambaa kinakuwa kinene. Ni mzuri. Tatizo ni kwamba watu wanaufuma nyuma ya kisigino tu, na mguu wao unakula chini ya kisigino. Toa soksi zako kuukuu, hata za dukani, utazame zimelika wapi. Mwingine ni chini ya kisigino, mwingine chini ya kidole gumba, mwingine nyuma palipo na mshono mgumu wa kiatu. Imarisha hapo, kwa ufumaji huohuo au kwa kuongeza uzi mwembamba wa nailoni unaofumwa sambamba na wa sufu. Mimi nakula chini ya kisigino, kwa hiyo uzi wangu wa pili nauanza kabla ya kukata kona ya kisigino na kuuacha sentimita kadhaa mbele.

Kuna pia kisigino kinachofumwa mwisho, baada ya soksi yote kukamilika, ambacho Elizabeth Zimmermann, mfumaji na mwandishi wa vitabu vya ufumaji, alisaidia kukieneza. Si wote wanapenda kinavyokaa mguuni, ila kikilika unakifumua chote, unaokota vitanzi na kufuma kipya. Hata kisigino cha kawaida kinaweza kukatwa hivyo kwa uvumilivu. Zile soksi za mumeo zisitupwe, sehemu nyingine yote ya soksi bado nzima. Tafuta uzi wenye nailoni, rangi yoyote, ufume visigino upya.

Sasa kufua. Maji ya baridi au vuguvugu, usikamue kwa kupinda, usikaushe kwa mashine. Usivae pea moja siku mbili mfululizo, na usizunguke nazo sakafuni bila kiatu, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye sufu unakuwa msasa. Kucha zikatwe. Nimeona soksi nzuri zikitobolewa kidoleni na mwenyewe anamlaumu kondoo.

Kila baada ya kufua, ingiza mkono ndani ya soksi uitazame kwenye mwanga. Manyoya yakishaisha na kubaki kama wavu, hapo ndipo pa kushika sindano ya kushonea na uzi uleule, ukifuata njia ya kila kitanzi juu ya kile kilichokonda. Vitanzi vya zamani bado vipo vya kukuongoza, kazi ni ya jioni moja. Ukingoja tundu, itabidi utililie: nyuzi za wima kwanza, ukianzia mbali kidogo kwenye kitambaa kizima, kisha za mlalo zikipita juu na chini, bila kuvuta, la sivyo utapata kinundu kitakachokusumbua kiatuni. Wote tunaimba usipoziba ufa, halafu soksi yenye ufa tunairudisha kabatini mpaka wiki ijayo.

Kwa hiyo kila pea ninayoitoa zawadi sasa inakwenda na kidonge cha uzi wake uliobaki. Asiyejua kutililia aniletee soksi kabla hazijatoboka, nitamshonea bure. Asiyetaka kufua kwa mkono namfumia skafu.