Yah: Mambo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mtu akikuandikia 'Mambo' tu kwenye programu ya kutafuta mchumba, umjibu kwa utani au umnyamazie?", nimelisoma nikiwa nimelala, nikainuka nikakaa. Nina miaka miwili na ushee humo ndani. Kama kila "Mambo" niliyotumiwa ingekuwa tofali, sasa hivi ningekuwa napaua.

Jibu langu naliandika mapema, kabla sijageuka: mjibu kwa utani, tena utani wa kuuma kidogo. Mtu ameziona picha zangu sita. Amesoma kwamba naogopa paka, kwamba riwaya za upelelezi naanza kuzisoma ukurasa wa mwisho, kwamba kuogelea nimejifunza ukubwani. Nimemwachia milango mitatu wazi, yeye anabisha ukutani.

Nilikuwa na majibu yangu ya akiba. Wa "Vipi" nilimjibu, "Vile vilivyo juu ya kabati." Wa "Upo?" nilimwambia, "Nipo, ila nimetoka." Aliyeleta emoji ya mkono unaopunga nilimrudishia emoji ya mguu, akaniondoa siku hiyohiyo, nami sikulia. Wengi hawakurudi. Nikajiambia huo ndio mchujo wenyewe: atakayecheka ndiye.

Sasa nije kwa huyu mmoja, maana ndiye aliyenifanya niwaandikie.

Ilikuwa Jumapili usiku. Picha zake zilikuwa tatu, moja amemkata kichwa mtu aliyesimama naye. Kwenye maelezo kaandika, "Uliza chochote." Sikuuliza. Akaandika "Mambo". Wiki nzima nilikuwa nimeshinda nikiandika barua za kazi, vidole bado viko ofisini, basi nikamjibu hivi:

"YAH: MAMBO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi hii inakiri kupokea salamu yako. Hata hivyo, salamu hiyo haikuainisha ni mambo gani, ya nani, na yanahitajika lini. Unaelekezwa kuwasilisha mambo husika pamoja na viambatisho ndani ya siku saba za kazi. Nakutakia utekelezaji mwema."

Nikapiga skrinishoti nikawatumia rafiki zangu wawili kabla hata mwenyewe hajasoma. Naomba mlishike hilo, nitalirudia. Tulicheka hadi mmoja akanipigia simu kuniambia nilisahau "Nakala: Jalada". Nikaiongeza kwa ujumbe wa pili.

Akasoma. Kimya. Jumatatu kimya. Jumanne nikawatangazia wale wawili kwamba mwingine huyo amefeli. Jumatano mchana, nikiwa kwenye foleni, simu ikalia:

"Ndugu Afisa, barua yako haina Kumb. Na., lakini naijibu hivyohivyo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua ilikaa masjala siku tatu ikimsubiri mtu wa kuifungua, na mtu huyo ni mimi. Mambo yaliyotajwa ni haya: (a) nimesoma kwamba unaanza na ukurasa wa mwisho, na nimekosa usingizi nikiwaza kama na watu unawasoma hivyo, (b) paka wangu ameomba asitajwe. Viambatisho: hakuna, paka amevikalia. Naomba kuwasilisha."

Mhariri, niliganda. Mtu wa nyuma yangu ilibidi anikumbushe kusogea. Masjala! Mimi mwenyewe masjala sikuikumbuka. Na yule paka. Kumbe alikuwa amesoma profaili yangu tangu mwanzo, au alirudi kuisoma, sikujua lipi linaniumbua zaidi.

Na mimi, hodari wa kudai juhudi za wengine, nikamjibu nini? Niliandika mstari, nikaufuta. Nikaandika barua nzima, "Ofisi imepitia utetezi wako", nikaona imepoa mbele ya paka yule, nikafuta. Nilitaka jibu la kumzidi. Yakapita masaa mawili. Hatimaye nikatuma:

"Hahaha"

Hata nukta sikuweka. Akaleta emoji moja ya kucheka, na hadi leo hapo ndipo tulipoishia.

Tangu hapo najiuliza kama nilichokuwa nikikifanya miaka miwili ni utani au ni mtihani. Kwenye mtihani kuna msimamizi, na msimamizi hatahiniwi. Ndiyo maana alipokuja mtu anayejua majibu, msimamizi akabaki kukodoa macho. Halafu ile skrinishoti. Sikuwa nikiongea naye hata kidogo. Nilikuwa nikiongea na rafiki zangu, yeye nikamfanya ubao wa kuandikia.

Na "Mambo" yenyewe nimeanza kuihurumia. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika mwaka 1923 kuhusu maneno ambayo kazi yake si kupasha habari, ni kuwafanya watu wajue wako pamoja. "Mambo" ni ya ukoo huo. Haiulizi mambo, kama vile "Poa" isivyopima joto. Mtu akikwambia "Mambo" mlangoni hukasiriki. Ila mlangoni sura ipo, sauti ipo, macho yapo. Kwenye simu vyote hivyo vimebaki nje, limeingia neno peke yake, nasi tunalidai lifanye kazi ya uso mzima.

Simtetei mvivu, lakini. OkCupid, mtandao wa kutafuta wachumba, walipochambua ujumbe wa kwanza wa watumiaji wao mwaka 2009, walikuta salamu kavu za aina ya "hi" hazifui dafu, na kusifia sura nako kunaharibu, wakati kutaja kitu mahususi alichokiandika mwenzako kunasaidia. Wenye programu wanalijua hilo. Hinge hukufanya uguse picha fulani au jibu fulani la mtu unapotaka kumwonyesha kwamba umempenda. Bumble, iliyoanza mwaka 2014 kwa kumpa mwanamke neno la kwanza anapokutanishwa na mwanaume, mwaka 2024 ikamruhusu aweke swali tayari, mwanaume ajibu hilo. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe na sisi, kalamu ilipokuwa mkononi mwetu, tulihitaji kushikwa mkono.

Kwa hiyo hukumu yangu, ambayo naona si ile niliyoanza nayo: ukiletewa "Mambo", sema "Poa", kisha uliza swali moja la kweli kuhusu kitu ulichokiona kwake. Hata kama ni, "Huyo uliyemkata kichwa ni nani?" Utani uje ujumbe wa tatu, wa nne. Isipokuwa kama umekujia wenyewe na uko tayari kurudishiwa. Hapo tania, ila uwe na akiba ya jibu la pili. Isipokuwa pia ile "Mambo" ya saa nane usiku, hiyo ilale hadi asubuhi. Anayeanza na matusi, au na picha ambayo hukuiomba, hana poa wala utani: mfungie, mripoti, endelea na maisha. Na kuhusu skrinishoti sina msimamo. Najua ni vibaya, na najua rafiki zangu wataiomba.

Jina langu msilitoe. Ila kichwa cha habari naomba mkiache kama nilivyokiandika. Huenda naye huwasoma, na jalada sijalifunga.