Solo ya jazz: anza na nota mbili, na ujue uko wapi

Wengi wanaotaka kujifunza kupiga solo za jazz huanzia kwenye skeli, yaani nota zilizopangwa kama ngazi. Wanajaza simu picha za skeli, wanazipanda na kuzishuka mpaka vidole vinaota sugu, halafu siku wakiwekewa ngoma na besi nyuma yao wanakwama ndani ya nusu dakika. Nimefundisha gita hapa Tanga muda wa kutosha kuona kwamba shida mara chache huwa uhaba wa nota. Nota wanazo, tena nyingi mno. Wanachokosa ni kujua wako wapi ndani ya mzunguko wa wimbo: hapa tuko nyumbani, hapa tumetoka, hapa tunarudi. Ukilijua hilo, nota mbili zinatosha kuanzia.

Kwanza tuelewane ni jazz ipi. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, lakini zile zilikuwa bendi za dansi. Hapa naongelea jazz ya Wamarekani Weusi, ile iliyokulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo utamu wake ni mpigaji kutunga papo kwa papo juu ya wimbo ambao wenzake wote wanaujua. Hata hivyo usiyadharau masikio uliyokulia nayo. Aliyelelewa na sebene anajua tayari maana ya kodi chache zinazozunguka huku mpiga solo akijiachia juu yake. (Kodi ni zile nota tatu au nne zinazopigwa pamoja.) Aliyehudhuria taarabu ameshasikia taksimu, pale mpiga udi au fidla anapotangulia peke yake kabla wimbo haujaingia. Na aliyecheza ngoma yoyote ya kwao anajua kuitikia kwa wakati, jambo ambalo wanafunzi wa jazz mahali pengine hulisotea sana.

Kama umeimba kwaya, una mtaji mwingine: do re mi. Wengi wanaokuja kwangu wametokea kwaya za kanisani, na ubaoni wanasoma do re mi haraka kuliko nota za mistari mitano. Basi nitaitumia hiyo hapa.

Anzia kwenye bluzi, muziki mwingine wa Wamarekani Weusi, ile ya vipimo 12. Kipimo kimoja ni hesabu ya moja, mbili, tatu, nne. Tukiwa kwenye ki ya C (ki ni nota ambayo wimbo unaiona nyumbani), vipimo vinne vya kwanza ni kodi ya C7. Viwili vinavyofuata ni F7, viwili tena C7. Cha tisa ni G7, cha kumi F7, na viwili vya kufungia ni C7. Kisha unarudi mwanzo, na mzunguko unaendelea hivyo hivyo mpaka wimbo uishe. Kabla hujagusa chombo, imba nota ya chini ya kodi ya kila kipimo (C ni do, F ni fa, G ni so):

do do do do
fa fa do do
so fa do do

Imba ukiosha vyombo, imba ukisubiri bodaboda, huku ukipiga makofi kwenye pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Makofi hayo ni kama mchi wa mtu wa pili mnapotwanga kinu kimoja: ukiwahi au ukichelewa, mwenzako anakusikia mara moja. Pigo nalo usiligawe nusu kwa nusu. Ligawe sehemu tatu, nota ya kwanza ichukue mbili na ya pili ichukue moja iliyobaki. Hiyo ndiyo inayofanya muziki uyumbe kijazz. Maelezo hayatakupeleka mbali zaidi ya hapo. Msikilize Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi, mpaka mguu wako ufanye wenyewe.

Sasa nota mbili. Duke Ellington, naye mpiga piano na kiongozi wa bendi, alikuwa na kipande kinachoitwa C Jam Blues, cha mwaka 1942, ambacho melodi yake nzima ni so na do tu. Nota mbili, vipimo 12, na bendi kubwa zimekipiga miaka yote hii bila kuona haya. Kitafute ukisikilize, halafu piga ya kwako: mzunguko mzima kwa so na do, hakuna nyingine. Mwanzoni utachoka baada ya vipimo vinne, kwa sababu umezoea kubadilisha nota ili usijichoshe. Sasa itabidi ubadilishe vitu vingine. Nota ndefu, nota fupi. Kuingia kwenye pigo la kwanza, kuingia baada yake. Kugonga kwa nguvu, kunong'ona. Na kunyamaza, ambako ndiko kugumu kuliko yote.

Kijana mmoja anayepiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa alinijia akitaka mambo makubwa. Nikampa so na do.

"Mwalimu, hizi si za watoto wa Sunday school?"

"Piga."

Akapiga, vidole vyepesi, sauti safi. Katikati nikalisimamisha gita ghafla. "Tuko kipimo cha ngapi?" Akatazama dari. Tukarudia, nikasimama tena, dari ikatazamwa tena. Hakuwa mpigaji mbaya hata kidogo. Kwenye bendi yao kila kitu kimeandikwa, kwa hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa ikimjulisha yuko wapi. Tuliendelea na mchezo huo wa kusimama ghafla kila alipokuja, mpaka siku moja nikasimama na yeye akajibu "cha tisa, so" kabla sijafungua mdomo. Kuanzia siku hiyo ndipo nikaanza kumwongezea nota. Fanya mchezo huu na rafiki yako. Hauna gharama yoyote, na unaumbua haraka kuliko mtihani.

Kwa faida ya wapiga gita: tarumbeta la kawaida ni la B flati (flati ni nota iliyoshushwa nusu sauti, yaani freti moja; shapu imepandishwa hivyo hivyo). Mpigaji akisoma C, inayotoka ni B flati yako. Kwa hiyo yeye alikuwa kwenye C yake, mimi nikawa nimebanwa kwenye B flati. Ndiyo maana nyimbo nyingi za jazz ziko B flati, E flati na F, ki ambazo mpuliza tarumbeta hustarehe nazo na mpiga gita huzikimbia. Zizoee mapema.

Turudi kwenye vipimo 12. Vimegawanyika mistari mitatu ya vinne vinne, na waimbaji wa bluzi huutumia mgawanyo huo waziwazi: mstari wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Na ndani ya kila mstari mwimbaji hamalizi nafasi yote. Huacha uwazi mwishoni ili chombo kiitikie. Mwimbaji wa bluzi Bessie Smith aliporekodi St. Louis Blues mwaka 1925, Louis Armstrong alikuwa naye akipuliza koneti, ndugu wa tarumbeta, na kila Bessie anaposhusha pumzi Armstrong anamjibu. Sikiliza jibu linavyoanza, na sikiliza linavyokwisha kabla Bessie hajarudi. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kusimama kwenye duara la ngoma hahitaji kufafanuliwa hilo. Basi solo yako ya mwanzo iwe hivyo: swali la vipimo viwili, kimya, jibu.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo skeli haitakuonyesha. Kila kodi ina nota mbili zinazoitambulisha: ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka nota yake ya chini. Kwenye C7 ni E na B flati. Mwenye gita, weka kidole kwenye uzi wa nne freti ya pili, na kingine kwenye uzi wa tatu freti ya tatu. Piga nyuzi hizo mbili tu. Unasikia? Hizo mbili peke yake zinatosha kuwa C7. Sasa telezesha vidole vyote viwili freti moja chini: umepata E flati na A, na hizo ndizo moyo wa F7. Rudi nyumbani. Telezesha freti moja juu: F na B, na hapo ni G7. Bluzi nzima ya vipimo 12 imo kwenye nafasi tatu za jirani na vidole viwili. Mwenye kinanda afanye vilevile kwa mkono wa kushoto: jozi ishuke nusu sauti, irudi, ipande nusu sauti.

Faida yake kwenye solo ni hii. Kodi inapohama, tua kwenye nota iliyohama. Kipimo cha tano kinapoingia F7, ile E uliyokuwa ukiishikilia iteremshe iwe E flati, pale pale kwenye pigo la kwanza. Nota moja tu, na hata msikilizaji asiyejua lolote atahisi kwamba wimbo umepiga kona na wewe umepiga nao. Watu hudhani wakongwe wana siri. Sehemu kubwa ya siri ni kona kama hizo, zilizofanyiwa mazoezi mpaka hazifikiriwi tena.

Baada ya hapo ndipo ujifunze skeli ya bluzi: C, E flati, F, F shapu, G, B flati. Ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake, kwani inakubali karibu kila mahali. Mtu anaweza kuichezea mwaka mzima bila kujua kama yuko kwenye F7 au G7. Itumie kama kiungo, ugali wako uwe zile nota za kodi.

Kuiga wengine si aibu. Mpiga saksafoni Charlie Parker, ambaye baadaye alibadilisha jazz nzima, mwaka 1937 alikwenda kufanya kazi na bendi kwenye milima ya Ozark akiwa kijana mdogo, na huko akajifunza solo za mpiga saksafoni mwenzake, Lester Young, kutoka kwenye rekodi. Nawe chukua vipimo vinne tu vya solo unayoipenda, si solo nzima. Punguza mwendo kwenye simu. Viimbe mpaka uweze kuviimba rekodi ikiwa imezimwa, kisha vitafute kwenye chombo, kisha vihamishie kwenye ki nyingine. Ninasisitiza kuimba kwanza kwa sababu usichoweza kukiimba, vidole vitakibuni kwa mazoea yao, na mazoea ya vidole yanachosha kusikiliza. Video za mafunzo mtandaoni zipo tele, lakini bando litakuishia ukitazama wengine wakipiga. Pakua wimbo mmoja, ukae nao.

Ukichoka na bluzi, nenda kwenye So What ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyomo kwenye albamu ya Kind of Blue ya mwaka 1959. Ina vipimo 32. Vya kwanza 16 viko kwenye re, yaani vibonye vyeupe vya kinanda kutoka D hadi D. Nane vinavyofuata mambo yote yanapanda nusu sauti kwenda E flati, halafu nane vya mwisho unarudi D. Hakuna kodi za kukukimbiza, na kwa hiyo hakuna pa kujificha. Watu hupotea hapa kuliko kwenye bluzi, hasa kwenye vile 16, kwa kuwa hakuna kona ya kukukumbusha. Miles ndiye anayeanza solo, kisha John Coltrane kwa saksafoni. Hesabu kwa vidole Miles akipiga, na uangalie anavyoacha nafasi kabla ya kusema neno lingine.

Kisha kuna mwendo wa re, so, do: Dm7, G7, halafu C. Nyimbo nyingi za jazz zimejengwa kwa huo. Jozi zake ni fa na do, fa na ti, mi na ti. Kila safari moja inabaki na nyingine inashuka hatua moja ndogo. Ukishaimba hizo bila kujikwaa, utaanza kukielewa kitabu chochote cha jazz. Anayetaka masomo rasmi, TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, hufundisha muziki, na ng'ambo huko Unguja kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, ambako utazikuta taksimu zinafundishwa na walio ndani ya taarabu. Mpiga jazz atafaidika nazo sana.

Mambo ya nyumbani yasikusumbue. Tarumbeta lina kelele, majirani ni binadamu, na adhana ikianza unaweka chombo chini hata kama uko kipimo cha tisa. Nusu saa kila siku inashinda Jumamosi nzima. Jirekodi kwa simu, lakini usisikilize papo hapo maana bado una joto. Sikiliza kesho yake, na swali liwe moja tu: nilikuwa najua niko wapi?

Na usingoje uwe tayari ndipo upige na wenzako. Mpiga besi mmoja na mtu wa kupiga makofi wanatosha, tena wanapita zile programu za simu zinazokupigia muziki wa nyuma, kwa sababu programu haikusikilizi. Mkubaliane kabla ya kuanza: wimbo gani, ki gani, nani anatangulia. Ukiwa mgeni, piga mizunguko miwili utoke, hata kama mambo yanakunogea. Ukikaribia mwisho mtazame anayekupokea, kisha vile vipimo viwili vya kufungia, vya C7, mwachie vitupu apate pa kuingilia.