Lipiko kwenye gauni?

Dada, umeuliza kama ni sawa kuchapa sura ya lipiko, kile kinyago cha Kimakonde, kwenye magauni yako ya "Afrika ya mwaka 2100". Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, na nakwambia: chale shona, lipiko nenda nalo taratibu. Lile si pambo. Huvaliwa kichwani kwenye ngoma za jando na unyago, na aliye ndani hatakiwi kujulikana. Kaa na wazee kwanza. (Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilirudi kutoka Uswisi mwaka 2010, kwa hiyo usidhani watu wamesahau.)

Utajiri wako uko kwenye chale, ile mistari ya pembepembe ya usoni mwa Wamakonde. Niliitarizi kwa uzi wa fedha kwenye kola nyeusi, ikatoka kama matumbo ya redio iliyofunguliwa. Mteja akadhani nimeiga sinema! Ila kitambaa chepesi kinajikunja, mimi kimenitia hasara. Weka kanvasi ndani.

Na ukichanganya na kanga, tafadhali, mkasi usipite kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa.